Boksi la plastiki, karatasi ya steshenari au mbao za mtumbwi: modeli ya kwanza ukiwa Mwanza

MV Victoria yenyewe ililetwa ziwani kama seti ya kuunganisha. Kiwanda cha Yarrow kiliijenga Glasgow, kikaifungua vipande vipande, vipande vikasafirishwa mpaka Kisumu, na huko ikaungwa upya ikaanza kazi mwaka 1961. William Mackinnon, iliyoshushwa majini mwaka 1900, nayo ilikuja hivyo hivyo, tena kabla reli haijafika Kisumu. Kwa hiyo mtu wa Mwanza anayetandika gazeti mezani jioni, akatoa kisu na gundi na kuanza kuunga meli ya urefu wa mkono, asikubali kuambiwa anacheza midoli.

Kinachowasumbua wengi ni pa kuanzia. Njia tatu zinafaa kulinganishwa: boksi la plastiki, yaani seti ya vipande vya kuunganisha kutoka viwanda vya nje, modeli ya karatasi unayoichapisha steshenari, na kujijengea mwenyewe kuanzia sifuri kwa mbao, maboksi na chochote kinachopatikana. Niseme mapema nilipo: boksi la plastiki linafundisha mkono haraka kuliko njia nyingine yoyote, lakini ziwa letu halimo ndani ya boksi hilo. Ukishajua unachotaka kukiona juu ya kabati, nusu ya uamuzi umeshafanyika.

Tuanze na skeli, maana ndiyo inayokula nafasi na pesa

Chukua MV Mwanza Hapa Kazi Tu, ile iliyoshushwa majini Mwanza Kusini mwaka 2023. Ina urefu wa mita 92.6 na upana wa mita 17. Kwa skeli ya 1/100, yaani kila kipimo halisi kikigawanywa kwa 100, inakaribia mita nzima, na sebule nyingi za kupanga hazina pa kuiweka. Kwa 1/200 inakuwa sentimita 46 kwa 8.5. Kwa 1/350 ni sentimita 26 na ushee, na kwa 1/700 ni 13 tu. Sasa mweke abiria sitahani: mtu wa mita 1.7 kwenye 1/200 ana milimita 8.5, unaweza kumvalisha shati la rangi. Kwenye 1/700 ana milimita 2.4, huyo unamgusa kwa ncha ya brashi na umemaliza. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye takribani kilomita 3, hata kwa 1/700 linataka meza ya mita nne na zaidi, kwa hiyo tuwaachie wenye kumbi.

Viwanda vina mazoea yao. Ndege nyingi ni 1/72 na 1/48, magari ya kiraia 1/24, meli 1/350 na 1/700, vifaru na askari 1/35. Hiyo 1/35 haikutoka kwenye hesabu ya mtaalamu yeyote: mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tamiya wa Japani walikuwa wanatengeneza kifaru cha Panther chenye mota, wakakipima ili betri zienee ndani, na kipimo kilichopatikana ndicho ambacho wengine wote wamekifuata mpaka leo.

Boksi la plastiki

Ndani ya boksi unakuta fremu za plastiki zenye vipande vilivyoshikiliwa kwa vishina, karatasi ya maelekezo yenye michoro, na stika za kuloweka kwenye maji. Unakata, unapiga msasa, unagundisha, unapaka rangi, unabandika stika. Airfix wa Uingereza, Tamiya na Hasegawa wa Japani, Revell na Italeri wa Ulaya ndio majina utakayokutana nayo mara kwa mara. Tamiya ndio ninaowapendekeza kwa mtu wa kwanza, bila kusita: vipande vinakaa mahali pake na maelekezo hayana mafumbo. Airfix za zamani ni nzuri kwa bei, ila ungio la mwili wa ndege linaweza kuacha ufa utakaokulazimisha kutafuta puti.

Uzuri mkubwa wa boksi ni kwamba umbo umeshapewa. Hufikirii bati limekunjwaje au taa iko juu kiasi gani, unajifunza mkono tu: kukata bila kuacha kidonda, kuunga bila gundi kuchuruzika, kupaka bila kujaza mifereji midogo iliyochorwa kwenye plastiki. Mambo haya matatu yanahitajika kwenye njia zote, na hakuna mahali yanapofundishika kwa urahisi kama kwenye plastiki.

Ubaya ni orodha ya vilivyomo. Utapata Titanic, Yamato na Bismarck kwa kila kipimo. Bismarck, ile iliyozama Mei 1941, imepewa jina la chansela yule yule wa Ujerumani ambaye jiwe letu pale ufukweni linaitwa kwa jina lake, na kwa 1/700 ina sentimita 36. Lakini MV Victoria, MV Umoja ya kubeba mabehewa, MV Clarias, hizo usizitafute kwenye orodha za viwanda vikubwa. Anayetaka kitu cha nyumbani kutoka kwenye boksi ni bora aende kwenye magari. Aoshima wana Hiace za 1/24, Tamiya walitoa Land Cruiser 80 kwa kipimo hicho hicho, na kwa vile zimetengenezwa kwa soko la Japani, usukani uko kulia kama wetu. Italeri wana Scania na Volvo za kuvuta tela. Hiace ya sentimita 20, ukiipiga mstari wa ruti ubavuni na kibao cha Buhongwa kwenye kioo, itazungumziwa na kila mgeni kuliko meli ya kivita ya Wajerumani.

Sasa gundi na rangi, na hapa ndipo wengi wanakwama. Boksi lenyewe linasafiri bila shida. Gundi ya plastiki na rangi za makopo ni vimiminika vinavyoshika moto, na wasafirishaji wengi wa ndege huvikataa au huvitoza zaidi. Matokeo yake mtu anapokea boksi zuri Posta, ameshalilipia na kodi, halafu hana cha kuliungia. Piga hesabu ya vyote vitatu kabla hujaagiza.

Gundi halisi ya plastiki ni nyembamba kama maji. Unavibana vipande viwili pamoja, unagusa ungio kwa brashi, na gundi inakimbia yenyewe ndani ya ufa na kuyeyusha plastiki pande zote mbili mpaka viwe kitu kimoja. Supa gluu ya dukani haiyeyushi. Inashika juu juu, inakauka kabla hujanyoosha kipande, na ikiwa karibu na kioo cha gari mvuke wake unakipaka ukungu mweupe usiotoka. Ifae kwa chuma na vipande vidogo vya ndani. Mbadala wa hapa hapa ni thina ya rangi za magari, nayo huyeyusha plastiki ya aina hii. Chovya brashi nyembamba kidogo sana, ijaribu kwanza kwenye fremu utakayoitupa, fungua madirisha, na watoto wasiwe chumbani. Mvuke wake si wa kuvutwa jioni nzima.

Kwa rangi, za maji ndizo rahisi kuishi nazo ndani ya nyumba. Rangi ya mafuta ya kupakia milango haifai, nzito mno, inafunika maandishi na misumari yote. Mafundi rangi wa magari wanaweza kukuchanganyia rangi uitakayo kwa kiasi kidogo, ila inataka praima chini yake na kupuliziwa kwa tabaka jepesi, vinginevyo thina iliyomo itakula plastiki. Bomba dogo la kupulizia na kompresa yake ni ununuzi wa baadaye kabisa. Umeme ukikatika katikati ya tabaka, kopo la kupuliza linaendelea na kompresa inanyamaza.

Msasa wa maji nunua kwenye maduka ya vifaa vya bodi za magari: namba 400, 800 na 1500 zinatosha. Kikata kucha kinakata vishina vizuri kuliko wembe, mradi ukate mbali kidogo na kipande kisha umalizie kwa msasa.

Halafu kuna modeli zisizotaka gundi wala rangi. Gundam za Bandai zimetiwa rangi kwenye plastiki yenyewe na vipande vinabanana kwa kubonyeza. Ni maroboti, si kila mtu atayapenda, lakini kwa mwanafunzi wa bweni ndiyo njia isiyo na harufu wala kopo.

Karatasi

Hii inadharauliwa bila sababu. Ulaya Mashariki, Poland hasa, watu wazima hujenga meli na ndege za karatasi ambazo ukiziona kwa mbali utaapa ni bati. Kipimo chao cha ndege ni 1/33, cha meli 1/200 au karibu na hapo. Unapata faili kwenye intaneti, nyingine bure, unalipeleka steshenari kwenye flashi, unachapisha kwenye karatasi ngumu ya gramu 160 hadi 200, na umeshapata boksi lako kwa bei ya kurasa chache za rangi.

Vifaa navyo ni vya nyumbani: kisu chenye wembe mpya, rula ya chuma, gundi nyeupe ya mbao, na kalamu ya bik iliyoisha wino kwa kutia alama ya mkunjo. Kingo za karatasi zikikatwa zinaonyesha weupe, nao ndio unaoisaliti modeli. Zipake rangi ya penseli au kalamu inayofanana kabla ya kugundisha. Uliza steshenari wanatumia mashine gani. Wino wa maji unasambaa ukiguswa na gundi mbichi, na unga wa mashine ya leza unapasuka kwenye mkunjo. Mimi nachukua leza, kwa sababu mpasuko unazibika kwa penseli na wino uliosambaa hauzibiki.

Karatasi inashindwa kwenye maumbo ya mviringo, pua ya ndege au kifua cha meli, na inashindwa mbele ya unyevu. Msimu wa masika modeli isiyopigwa vanishi hulegea polepole, mlingoti ukaanza kuinama. Zaidi ya hapo, haikufundishi kupaka rangi hata kidogo, kwa kuwa rangi imeshachapwa. Ukihamia plastiki baadaye utakuwa na jicho la vipimo na kisu chepesi, ila brashi utaanza upya.

Kujijengea kutoka sifuri

Watoto wetu wamekuwa wakifanya hivi siku zote: magari ya waya yenye matairi ya ndala, basi la boksi, meli ya kopo. Tofauti ya modeli ya skeli ni rula tu. Kila kipande kina kipimo kinachogawanywa kwa namba ile ile, na ukishaivunja namba hiyo mahali pamoja, jicho la mtazamaji linajua kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja.

Kwa Mwanza hii ndiyo njia tajiri, na mradi wa kwanza ninaoupendekeza si meli kubwa. Ni mtumbwi wa mbao wa wavuvi wa dagaa. Chukua mtumbwi wa mita 9. Kwa 1/35 unakuwa sentimita 26 hivi, ukubwa wa kushikika, na kipimo hicho kina watu wa plastiki wa kununua kama hutaki kuchonga. Askari aliyevuliwa kofia na bunduki, akapewa kaptura ya rangi na kamba mkononi, ni mvuvi kamili. Nenda Kirumba au Igombe ukatazame mtumbwi halisi ukiwa juu nchi kavu, omba ruhusa kwa mwenyewe, pima kwa futi au kwa hatua, piga picha za ubavu, pua na ndani. Angalia mbao zinavyopishana na mahali fundi alipoziba kwa pamba. Mafundi mitumbwi hawana uchoyo wa maelezo mtu akiuliza kwa adabu, na wao ndio watakaokuonyesha kosa la modeli yako haraka kuliko yeyote.

Mbao: vijiti vya aiskrimu na vya mishikaki, vilivyochanwa kwa wembe na kulowekwa maji moto ili vipinde. Ubao wa sentimita 2.5 kwenye mtumbwi halisi ni milimita 0.7 kwako, kwa hiyo kijiti cha aiskrimu kipigwe msasa mpaka kiwe nusu ya unene wake au pungufu. Hapo ndipo modeli nyingi zinaharibika: mwenye haraka anatumia kijiti kilivyo, na mtumbwi unatoka na kuta nene utadhani ni gogo la kuchongwa. Kamba: uzi wa nyavu kutoka maduka ya zana za uvuvi, ambazo mji huu hauna upungufu nazo. Uchambue, utumie nyuzi moja moja.

Wavu wenyewe unataka hesabu. Wengi hukimbilia kipande cha chandarua. Tundu la chandarua, tuseme milimita 1.5, ukilizidisha mara 35 unapata zaidi ya sentimita 5. Dagaa wote wanapita wakipunga mkono. Soksi nyepesi ya nailoni ya akina mama ndiyo inayokaribia. Irundike kwenye nyuma ya mtumbwi, idondoshee gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, ikikauka ipake kahawia iliyochakaa. Taa za karabai ni shanga, na siku hizi wengi wametoka kwenye karabai wakaenda kwenye taa za sola, kwa hiyo amua mtumbwi wako ni wa mwaka gani kabla ya kuweka taa.

Meli kubwa inafuata baadaye. Kwa 1/200, tumbo la MV Mwanza lijengwe kwa mifupa ya boksi gumu na ngozi ya karatasi ya manila, au kwa ubao mwepesi wa plastiki wanaoutumia mafundi wa mabango, ambao mabaki yake mara nyingi hutupwa. Mlango wa mita 2 ni sentimita 1, uzio wa mita 1 ni milimita 5. Picha za ubavu zipige ukiwa kwenye kivuko cha Kamanga badala ya kupiga bandarini bila ruhusa. MV Bukoba ni jambo jingine. Ilijengwa mwaka 1979 na ilizama tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu, na Igoma kuna makaburi yao. Anayetaka kuijenga ana haki, ila ajue ni nani atakayeingia sebuleni na kuiona.

Gharama ya njia hii kwa shilingi ni ndogo kuliko plastiki, lakini inakula jioni zako. Boksi la gari la 1/24 mtu mwenye utulivu analimaliza kwa wiki chache. Mtumbwi wa mbao unaweza kukaa mezani msimu mzima, na meli usiulize.

Kuzichakaza

Modeli iliyotoka safi kama imetoka kiwandani haifanani na chochote kinachofanya kazi mkoani Mwanza. Hapa njia tatu zinakutana tena, ila kwa viwango tofauti. Plastiki inapokea kila kitu: rangi nyeusi iliyozimuliwa sana na kuachwa itulie kwenye mifereji, brashi karibu kavu ya rangi angavu inayopitishwa juu ya kingo, sponji inayochovywa kahawia na kugusagusa pale bati linapochubuka. Mbao halisi inahitaji kidogo sana. Karatasi usiimwagie maji ya rangi kabisa, ipe vumbi kavu tu.

Vumbi hilo unaweza kulitengeneza kwa pastel za wachoraji zilizosagwa kwenye msasa. Chaki za shule nazo hufanya kazi, zinashika kidogo zaidi ukipuliza vanishi isiyong'aa juu yake. Mkaa uliosagwa ni moshi wa ekzosi. Kwa Hiace, vumbi liwe zito chini ya milango na kwenye matao ya matairi, na kioo cha mbele kiachwe na nusu duara mbili safi za waipa.

Adui wa rangi mbichi mji huu ni vijidudu vya ziwani. Sitaha nyeupe iliyopakwa usiku chini ya taa, dirisha likiwa wazi, asubuhi ina mbawa zilizoganda, na ukizing'oa kwa kibano zinaacha alama ya miguu. Paka asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaleta vumbi la mchana, kisha funika kwa beseni lililogeuzwa.

Basi uchukue lipi?

Mwanafunzi au mtu asiyejua kama atalipenda jambo hili: karatasi. Akichoka amepoteza kurasa chache.

Mwenye kipato kidogo cha ziada anayetaka kujifunza kweli: gari moja la 1/24 la Tamiya au Aoshima, rangi tatu za maji, brashi mbili, na gundi aliyoihakikisha mapema. Asianze na meli ya 1/350. Boksi zake zina mamia ya vipande, nyingine zina uzio wa shaba mwembamba unaokunjwa kwa kibano, na nyingi huishia juu ya kabati zikiwa nusu.

Anayependa ziwa kuliko mashine: mtumbwi wa 1/35, moja kwa moja, bila kupitia plastiki. Wa kwanza utakuwa na kasoro, na mbao husamehe kasoro kuliko plastiki.

Wazazi wenye mtoto wa miaka kumi hivi: Gundam ndogo au karatasi. Thina na supa gluu ziwe mikononi mwa mkubwa.

Vipande vya kuchapishwa kwa mashine za pande tatu vimeanza kuwa njia ya nne, na vinafaa sana kwa winchi, boya na viti vya meli ambavyo hakuna anayeviuza. Lakini mwili mzima wa meli uliochapwa hivyo unakuja na mistari ya tabaka, na kuifuta kwa msasa ni kazi ile ile uliyotaka kuikwepa.

Tenga pia fungu la kasha. Mafundi wa vioo na aluminiamu wanaotengeneza madirisha na makabati ya maduka watakukatia pande tano za kioo kwa vipimo vyako. Acha nafasi ya sentimita 3 kila upande wa modeli, na juu ya mlingoti 2, halafu chini weka ubao wenye mfereji ili kioo kisiteleze.